Sura ya Sita: Jina Linalotumwa Peke Yake

Desemba 1993, katika Chuo Kikuu cha Stirling huko Uskoti, Jonathon Fletcher aliiachia mtandaoni programu aliyoiita JumpStation. Kazi yake ilikuwa kuzurura kutoka ukurasa hadi ukurasa, kunakili ilichokikuta, kisha kumwezesha mtu kutafuta ndani ya nakala hizo. Kikwazo kilikuwa kompyuta yenyewe. Haikuwa na nafasi ya kubeba maandishi yote ya kila ukurasa, basi Fletcher akakata shauri: ichukue majina ya kurasa na vichwa vya habari vilivyomo, mengine iyaache. Hakupata wa kumfadhili, na mwaka 1994 alipoondoka chuoni kazi hiyo ikafia hapo. Lakini kanuni ilikuwa imeshawekwa, tena kwa sababu ya umaskini wa mashine tu: ukurasa hujulikana kwanza kwa jina lake. Mtu aliyeandika maelezo ya kina kuhusu magonjwa ya migomba akayapa jina "Ukurasa Wangu", bila kichwa cha habari kinachoitaja migomba, kwa JumpStation alikuwa hajaandika kitu kuhusu migomba.

Mashine zimenenepa tangu hapo, na sasa zinasoma kila neno. Jina halikushushwa cheo. Sergey Brin na Larry Page, walipoeleza mwaka 1998 jinsi Google yao ilivyofanya kazi wakiwa bado Stanford, walisema kwamba neno lililo kwenye jina la ukurasa, kwenye anwani yake, au kwenye maandishi ya kiungo kinachoelekea huko liliwekewa hesabu tofauti na neno la kawaida lililo katikati ya aya. Wakaongeza kwamba kwa mada nyingi maarufu, kulinganisha maneno ya mtafutaji na majina ya kurasa peke yake kulitoa majibu mazuri, ilimradi kurasa zipangwe kwa uzito wa viungo vinavyozielekea. Leo vigezo vya Google ni vingi na vingine ni siri ya kampuni. Anayekuahidi hesabu kamili ya uzito wa jina anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Tukubaliane kwanza tunazungumzia kitu gani, maana hapa wengi huchanganya. Katika msimbo wa kila ukurasa kuna sehemu ya juu ambayo msomaji haioni, iitwayo head. Humo ndani, katikati ya alama mbili za title, moja ya kufungua na moja ya kufunga, ndimo linamokaa jina la ukurasa. Si yale maandishi makubwa yaliyo juu ya makala. Hayo ni kichwa cha habari, na yana alama yake nyingine, h1. Viwili hivi vinaweza kufanana, na mara nyingi si vibaya vikifanana, ila kazi zao ni mbalimbali. Kichwa cha habari husomwa na mtu aliyekwisha kuingia. Jina husomwa na mtu aliye nje: kwenye orodha ya majibu ya Google, kwenye kichupo cha kivinjari, kwenye historia ya kurasa alizotembelea juzi, kwenye alamisho zake, na hata kwenye WhatsApp rafiki anapomtumia kiungo, ikiwa mwenye tovuti hakuandaa jina maalumu la kusambazwa. Huko kote ukurasa haupo. Hakuna aya ya kwanza ya kufafanua.

Waliobuni HTML waliliona hilo mapema. Kanuni za HTML 2.0, zilizotolewa Novemba 1995 na Tim Berners-Lee pamoja na Dan Connolly, zililazimisha kila ukurasa uwe na jina, zikashauri liwe chini ya herufi 64, na zikaonya kwamba jina kama "Utangulizi" laweza kukosa maana likitengwa na mahali pake. Hadi leo tovuti zetu zimejaa "Utangulizi". Na "Nyumbani", na "Karibu", na "Huduma", na "Kuhusu Sisi". Sisi akina nani?

Mwalimu akiita "Juma!" katika darasa lenye akina Juma watano, ama watasimama wote, ama hatasimama hata mmoja, kila mtu akidhani anaitwa mwenziwe. Mtaani tatizo hilo lilikwisha zamani bila kuundiwa kamati: Juma Fundi, Juma wa Mama Zuhura, Juma Mrefu. Angalia kinachoongezwa. Hakuna anayemwita "Juma Mkazi wa Hapa", maana akina Juma wote wanakaa hapa. Huongezwa kile alicho nacho huyu na wenziwe hawana. Jina la ukurasa huandikwa vivyo hivyo. Kurasa arobaini za tovuti moja zikiwa na jina moja, mtambo wa kutafutia unabaki kukisia upi umfae mtafutaji, na mtafutaji mwenyewe akiona majibu mawili yenye jina lile lile hana cha kumwelekeza abofye lipi.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, haina nafasi ya kukosea hapa, kwa sababu programu yake haikubali makala mbili zibebe jina moja. Ndiyo maana utakuta mabano nyuma ya majina mengi, na kurasa zenye neno "(maana)" ambazo kazi yake ni kumwonyesha msomaji njia tu. Kilimanjaro ni mlima, ni mkoa, ni uwanja wa ndege, ni bia. Tanga ni jiji, ni mkoa, na ni kitambaa kinachosukuma jahazi. Tovuti ya kawaida haina mlinzi wa namna hiyo. Unaweza kuzipa kurasa elfu moja jina moja na hakuna kitakachogoma.

Tazama jambo hili kwa watani wa jadi. Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga mabao 5–0. Tarehe 5 Novemba 2023, Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga ikalipa kisasi kwa 5–1. Mhariri wa gazeti angeweza kuandika "Mtani Apigwa Tano" mara zote mbili, na gazetini kingekuwa kichwa kizuri: tarehe iko juu yake, picha ya mfungaji iko pembeni, na msomaji ameamka akijua kwamba jana kulikuwa na mechi. Kiweke hicho hicho kama jina la ukurasa. Baada ya miaka hujui nani alipigwa, lini, wala ni tano za nini. Mwenye kuitafuta mechi ile ataandika "simba yanga 5-1" au "yanga simba novemba 2023", na jina linalomjibu ni kavu kuliko la gazeti: "Simba 1–5 Yanga: Ligi Kuu, 5 Novemba 2023". Wahariri wengi hulikunjia uso jina kama hilo kwa kuwa halina chumvi. Kwa upande wa kichwa cha habari wana haki kabisa. Chumvi ibaki huko, ndani ya h1, mbele ya macho ya msomaji aliyekwisha kuingia. Programu nyingi za kuendeshea tovuti zina nafasi mbili tofauti za kuandikia vitu hivi viwili, na WordPress huipata ya pili kwa kuongezewa programu-jalizi ya bure. Nimeona vyumba vya habari vilivyofanya kazi miaka bila kujua kwamba nafasi ya pili ipo.

Kati ya majina yanayojirudia, ni machache yaliyoandikwa na mkono wa mtu. Mengi hutungwa na kiolezo. Fundi anajenga tovuti, anaandika jina lolote kwenye kiolezo ili aone kama kinafanya kazi, na jina hilo linabaki humo hadi siku ya kukabidhi. Au haandiki kitu, na programu inajaza la kwake. Kizazi kizima cha tovuti zilizojengwa kwa Dreamweaver kiliacha nyuma kurasa zinazoitwa "Untitled Document", na waliotumia FrontPage wakaacha "New Page 1". Andika intitle: kwenye Google, ufuatishe maneno hayo yakiwa ndani ya alama za kunukuu, utazikuta bado zipo, nyingine zikiwa za taasisi zenye wahasibu na wanasheria.

Sasa twende dukani. Tuseme ni duka la spea za bajaji Kariakoo, lenye tovuti ya kurasa kadhaa: kabureta, pedi za breki, taa, matairi. Fundi ameziandikia zote "Karibu Kwenye Tovuti Rasmi ya Kampuni Yetu Limited | Bidhaa Bora kwa Bei Nafuu", kisha mwisho kabisa likafuata jina la bidhaa. Amejitahidi, na kwa hesabu ya kompyuta hakuna majina mawili yanayolingana, kwa kuwa mikia ni tofauti. Lakini Google haionyeshi mkia. Kwenye kompyuta ya mezani nafasi ya jina ina upana wa pikseli 600 hivi, yaani herufi kama hamsini hadi sitini, na kinachozidi hukatwa kikaachiwa nukta tatu. Anachokiona mteja ni hiki: "Karibu Kwenye Tovuti Rasmi ya Kampuni Yetu Limited | Bidhaa…" Anakiona kwenye kabureta, kwenye pedi za breki na kwenye taa ya mbele. Nafasi yote imekwenda katika kumkaribisha mtu ambaye hajajua bado kama hapa ndipo alipokuwa anakwenda.

Geuza mkia uwe kichwa: "Kabureta ya Bajaji RE: Bei na Picha | Kampuni Yetu". Jina la kampuni limerudi nyuma, fupi, bila "Limited" wala "rasmi". Ukurasa wa kundi zima unakuwa "Spea za Bajaji Kariakoo: Injini, Breki na Taa", herufi 45 ukihesabu na nafasi. Ukurasa wa mwanzo ndio pekee ambao jina la kampuni lina haki ya kutangulia, kwa kuwa anayeutafuta huo mara nyingi anaitafuta kampuni yenyewe. Hesabu ya herufi, hata hivyo, ni ya kukadiria. Kinachopimwa ni upana: m moja au w moja hula nafasi ya i kadhaa, na herufi kubwa hula zaidi, kwa hiyo jina lililoandikwa LOTE KWA HERUFI KUBWA hukatwa mapema, mbali na kumpigia msomaji kelele. Google haikuweka kikomo cha urefu wa jina lenyewe. Kinachokatwa ni kile kinachoonyeshwa. Usilifute neno la maana kwa kuogopa herufi ya 61. Lisogeze mbele.

Nimeandika "spea" makusudi. Kamusi ingependa "vipuri", na mtu anayetaka kuonekana msomi angeandika "Vipuri Halisi vya Vyombo vya Magurudumu Matatu". Muuzaji wa Kariakoo hajamsikia mteja hata mmoja akisema hivyo. Mteja anasema spea, anasema bajaji. Akiwa Mombasa anasema tuktuk. Wa Dar es Salaam anatafuta nauli za daladala, wa Nairobi za matatu, na ukurasa unaotaka kuwahudumia wote wawili inabidi uamue, au ugawanywe. Kwenye simu mtu huandika vile anavyosema, mara nyingi akichanganya lugha: "bei ya king'amuzi", "jinsi ya kupata namba ya nida", "matokeo form four". Njia rahisi kuliko zote ya kuyajua maneno hayo ni kusimama kaunta ukasikiliza. Nyingine ni kuanza kuandika kwenye kisanduku cha Google na kutazama mapendekezo yanayojitokeza. Na ikiwa tovuti ni yako, fungua Search Console, chombo cha bure cha Google, usome maneno ambayo tayari yamewaleta watu kwako. Mhariri akiisoma ripoti hiyo kila mwezi atajifunza Kiswahili cha wasomaji wake kuliko kwenye semina yoyote ya kuandika vichwa vya habari.

Kusikiliza si kurundika. "Spea za Bajaji, Bajaji Spea, Spea Bei Rahisi, Bajaji Spare Parts Dar" ni jina la mtu asiyemwamini msomaji wala mashine. Zamani ujanja huu ulilipa. Kulikuwa hata na alama maalumu ya kuorodheshea maneno, meta keywords, na watu waliijaza hadi pomoni. Septemba 2009 Google ikatangaza kwamba haiitumii kabisa katika kupanga majibu. Jina lililorundikwa siku hizi lina malipo ya aina nyingine: laweza kuandikwa upya bila wewe kuulizwa.

Agosti 2021 Google ilileta utaratibu mpya wa kutunga majina yanayoonekana kwenye majibu yake. Ikiona ulilotoa ni refu mno, limerundikwa maneno, ni tupu, au limejirudia tovuti nzima, huchukua kingine: kichwa cha habari kilicho ukurasani, maandishi mengine makubwa, hata maneno yaliyotumiwa kwenye viungo vinavyoelekea kwako. Wenye tovuti walipiga kelele, na baadhi ya majina mapya yalikuwa vituko kweli. Mwezi uliofuata Google ikarekebisha mambo na kueleza kwamba jina la mwenye ukurasa sasa lilikuwa likitumika kwa takriban asilimia 87, kutoka takriban 80. Mimi naisoma takwimu hiyo kutoka upande wa pili. Hata baada ya marekebisho, karibu mara 13 katika kila 100 mashine iliona kuna jina linalofaa kuliko alilotoa mwenye mali.

Majina yenye tarehe yana ugonjwa wao. Matokeo ya mitihani, nafasi za masomo, nauli, bei kikomo za mafuta ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti ya Tanzania, hutangaza kila mwezi: hapa mtu hubadilisha maandishi ndani ya ukurasa na kulisahau jina, ikawa nje ni Januari na ndani ni Aprili. Kama kila mwezi una ukurasa wake, mwezi na mwaka viwe ndani ya jina, tena karibu na mwanzo. Kama ni ukurasa mmoja unaofanyiwa mabadiliko, jina nalo libadilishwe siku hiyo hiyo au lisitaje mwezi kabisa.

Kuna kurasa ambazo hazihitaji jina jipya. Kabureta ile ile yaweza kufikiwa kwa anwani tatu, moja ya orodha ya kawaida, nyingine ya orodha iliyopangwa kwa bei, nyingine ya toleo la kuchapa. Huo ni ukurasa mmoja wenye anwani nyingi, na kuutungia majina matatu ni kujidanganya. Dawa yake ni alama ya canonical, ambayo Google, Yahoo na Microsoft walitangaza Februari 2009 kwamba wataitambua. Inaiambia mitambo anwani ipi ndiyo ya kuhesabiwa.

Kurasa ngumu zaidi ni hizi: "Huduma Zetu Ilala", "Huduma Zetu Temeke", "Huduma Zetu Kinondoni", ndani yake aya zile zile, kilichobadilishwa ni jina la wilaya. Kwa kipimo cha mashine majina haya ni ya kipekee na yatafaulu kila ukaguzi. Jaribu basi kuandika jina linalotaja kitu kilichomo kwenye ukurasa wa Temeke na hakimo kwenye ule wa Ilala: tawi lenye mtaa wake, saa za kufungua, fundi anayeshughulikia jambo ambalo wenziwe hawalishughulikii. Ukikosa hata kimoja, kasoro haiko kwenye jina. Ukurasa hauna sababu ya kuwepo, na kuufuta ni uhariri halali kabisa. Nimegundua kwamba wateja huogopa kufuta kurasa kuliko kulipia nyingine mpya.

Google isitufanye tusahau msomaji ambaye kwake jina ni kila kitu. Mtu asiyeona hutumia programu inayomsomea skrini kwa sauti, kama NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006. Sauti ya eSpeak inayokuja nayo inaweza kusoma Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya roboti. Ukurasa ukifunguka, kitu cha kwanza anachokisikia ni jina lake, na anapohama kutoka kichupo hadi kichupo anasikia jina moja baada ya jingine. Vichupo sita vikimwambia "Karibu Kwenye Tovuti Rasmi", itabidi aingie kila kimoja na kusikiliza hadi ajue yuko wapi. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na watu wote, WCAG 2.0, uliotoka Desemba 2008, umeliweka jambo hili katika ngazi yake ya kwanza, ngazi A: kila ukurasa uwe na jina linaloeleza mada au kazi yake.

Kazi yenyewe, ukiamua kuifanya, huanzia kwenye jedwali. Toa majina ya kurasa zako zote uyaweke kwenye safu moja, anwani pembeni yake. Screaming Frog, programu ya Uingereza, hufanya hivyo bure kwa tovuti isiyozidi anwani 500. Yapange kwa alfabeti ili yanayofanana yakae pamoja, kisha yasome bila kufungua ukurasa hata mmoja, na kila usipoweza kusema ndani yake mna nini, weka alama. Usianzie juu ya orodha kwa kuwa ndiyo juu. Anza na kurasa ambazo Search Console inasema huonyeshwa mara nyingi na kubofywa mara chache. Hizo zimeshafikishwa mbele ya watu, na watu wanazipita. Ukilibadilisha jina, liache. Google hurudi kwenye kila ukurasa kwa ratiba yake yenyewe, na kwa tovuti ndogo jina jipya laweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa kabla halijaonekana. Ukiligusa tena kila Jumatatu hutajua ni lipi lililoleta wateja na ni lipi lililowafukuza.